Kawa la Kizuka

Mwatima alinionea wivu kwa kufiwa na mume. Mnacheka? Chekeni. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ua baina ya nyumba yake na yangu ulikuwa wa makuti makuukuu, kwa hiyo wivu wake niliusikia wote, hata ule wa kunong'ona.

Miaka hiyo bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na karafuu ikianguka Pemba huanguka na watu. Mume wangu Silima alikuwa hamali bandarini Wesha, akipakia magunia. Akashikwa na homa, haikumpa nafasi. Asubuhi baada ya mazishi ngata yake ya kubebea mizigo ilikuwa juu ya kichwa cha mtu mwingine, na gunia halikujua tofauti. Bwana Msellem, mwenye ghala na mashamba, alileta sanda na mchele wa matanga, akasimama mlangoni akasema, "Silima alikuwa mtu mwema." Nikangoja, nikidhani maneno yale yana mkia. Hayakuwa na mkia. Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Basi nikaingia eda, na mwanangu Radhiya mgongoni, bado ananyonya. Mjane aliyemo edani kwetu tunamwita kizuka. Kizuka hatoki nje miezi minne na siku kumi, havai cha kupendeza, hajitii wanja, na zaidi ya yote hajitii manukato. Kwa kuwa hatoki, hachumi. Na kwa kuwa hachumi, majirani humpelekea chakula. Sahani hufunikwa kawa, lile kofia la ukili lenye rangi, ikapitishwa njiani mchana kweupe ili Mungu aone. Na watu nao wasikose kuona.

Njia ya kuja kwangu ilipita mlangoni kwa Mwatima.

"Leo makawa matatu," nilimsikia akimwambia mumewe. "Matatu, Kificho! Na la mwisho lilikuwa likitoa moshi."

"Kafiwa na mume yule, Mwatima."

"Nnajua kafiwa. Wenziwe tumefiwa na waume walio hai."

Kificho alikuwa mchumaji wa karafuu katika mashamba ya Bwana Msellem. Mtu mpole, mwembamba, miguu kama ya korongo, hodari wa kupanda. Ila ujira wa pishi ulikuwa umepunguzwa, na mtu hapandi mikarafuu miwili kwa wakati mmoja. Muhogo wao ulikuwa wa chukuchuku, hauna nazi, hauna samaki, una chumvi kama ipo.

"Kwa hivyo unataka nife?" akauliza Kificho.

"Sijasema ufe."

"Nikifa utaletewa makawa mangapi?"

Na mie huku nyuma ya makuti nimeziba mdomo kwa upindo wa nguo, maana nilijua mwanamke yule anapiga hesabu kweli.

"Ndugu zako wachache," akasema mwisho. "Bora uishi."

Mwanzo makawa yale yalikuwa na haki yake. Wali ulikuja, samaki changu wa kupaka alikuja, hata mkate wa kumimina ulikuja mara moja. Lakini walioniletea nao walikuwa na matumbo yao. Wali ukawa muhogo wa nazi, muhogo wa nazi ukawa muhogo, kisha ukaja wakati kawa likipita moja tu, na ndani yake makopa, muhogo mkavu ulioanikwa juani mpaka ukawa kama kuni. Mleta chakula hawezi kukileta wazi akaonekana kaleta makopa. Kwa hivyo kawa lilibaki lile lile, zuri, jekundu na buluu, limesimama kama kuba.

Mwatima aliona kawa. Chini ya kawa hakuona.

"Shoga!" akiniita uani. "Leo umeletewa nini?"

"Kuku," nikimjibu.

"Kuku! Tena?"

"Ndo hivyo. Na mie nishachoka naye."

Kisha nikisogea karibu na ua, nikitafuna makopa yangu, ka! ka! ka!, mpaka nisikie mlango wake umebamizwa. Mwenye njaa naye ana haki ya mchezo wake.

Lakini msidhani wivu ulikuwa wa upande mmoja. Likizama jua namsikia Kificho amerudi, anamimina maji kuosha miguu, anakohoa. Mwatima anaanza: umechelewa, maji usimwage, kapu lako limenichafulia mkeka. Na Kificho, "Haya, bibi. Haya." Mie nakaa gizani na mtoto kifuani, nyumba kimya, sina hata wa kumgombeza. Siku nyingine wivu ulinipanda mpaka nikaugombeza mtungi.

Msimu ukafika. Ukifika msimu, karafuu zinazochumwa mchana huchambuliwa siku hiyo hiyo: karafuu huku, makonyo, vijiti vyake, huku. Kazi hiyo ni yetu wanawake. Tulikuwa tukichambua kwenye baraza ya Bwana Msellem, juu ya jamvi, mbele ya macho yake, na kulipwa kwa pishi. Mie nilikuwa na pahala pangu pa miaka yote, penye nguzo, unaegemeza mgongo. Chumo la msimu ndilo linalokuvusha mpaka msimu mwingine. Ukilikosa, hakuna pa kukimbilia. Serikali ilikuwapo Chake Chake, lakini si kwa habari ya tumbo langu.

Nami nilikuwa ndani. Eda ingekwisha msimu ukingoni, makawa yangekwisha pamoja nayo, maana mjane aliyetoka eda ni mtu kama watu, ajitafutie. Ajitafutie nini, karafuu zishachambuliwa? Hilo ndilo lililoniondolea usingizi, si mzuka wa Silima.

Na mnajua nani alikaa penye nguzo yangu?

"Nguzo ina ubaridi mzuri mgongoni," Mwatima akaniambia jioni ile ile kupitia makuti. "Hukuwahi kuniambia."

Moyo wangu ulichacha kama maziwa. Nikamjibu, "Itakuwa nimesahau, mwenzangu. Kuku hunitia usingizi."

Siku chache baadaye akaja Bi Thuraiya, mke wa Bwana Msellem, kunipa pole yake kwa mara ya pili. Alikuwa mwanamke wa watu, lakini mwenye macho; aliona kawa, akaliinua kabla sijamzuia, akaona makopa. Akalirudisha taratibu.

"Time," akasema, "unataka nini?"

"Kazi, Bi."

"U edani."

"Mikono yangu haimo edani. Nileteeni karafuu nizichambue humu ndani."

Akafikiri sana. Bwana Msellem alikuwa ameapa kwamba karafuu mbichi haivuki baraza yake. Atakayeonekana nayo nje, hata konzi moja, siku hiyo hiyo hana kazi. Aliona wezi hata kwenye kivuli chake.

"Bwana asijue," akasema Bi Thuraiya. "Ujira wako nitakuwekea mie, uje uuchukue ukitoka. Nani atakayechukua kapu?"

Tulimtafuta mtu asiye na mdomo. Akapatikana Kificho. Kila magharibi, wanaume wakiwa msikitini, alipita nyuma ya nyumba yangu, akaweka kapu kwenye mlango wa uani, akakohoa mara moja, akachukua lililochambuliwa, akaenda zake. Hakuingia. Uso wangu hakuuona. Malipo yake yalikuwa ukoko wa wali kutoka jikoni kwa Bi Thuraiya, akiula njiani.

"Mwatima naye asijue," nikamwambia siku ya kwanza kutoka nyuma ya mlango.

"Bi Time," akasema, "hilo usinifundishe."

Basi nikawa na kazi. Usiku nakaa chumba cha ndani nachambua, na kwa hofu ya mtu kuingia ghafla, karafuu nilizozichambua na makonyo yake nikaviweka katika sahani, nikavifunika makawa. Nani ataligusa kawa la kizuka? Ni aibu, kama kumtazama mtu kinywani.

Kitu kimoja tu sikukifunika. Harufu.

Mnaweza kusema Pemba nzima hunuka karafuu msimu ukifika, mpaka mbuzi. Kweli. Lakini karafuu zikifungiwa chumbani, na joto lile, harufu hutoka nzito, kama ya chumba cha bibi harusi aliyefukizwa. Na harufu ile ikapita kwenye makuti, ikaenda moja kwa moja puani kwa Mwatima, ambaye pua yake haikuwa na kazi nyingine kwa muda mrefu.

Kwanza akadhani ni pilau.

"Leo pilau?" akauliza, sauti imemkauka.

"Pilau," nikasema. Ningesema nini?

Halafu akakutana njiani na Mwalim Othman, mwalimu wa chuo cha Kurani na imamu wetu. Mwalim akamuuliza kwa wema, "Kificho mgonjwa? Magharibi simwoni siku hizi."

Mwatima akasimama pale pale. Mumewe kila magharibi alimuaga akienda msikitini. Jioni hiyo akajibanza nyuma ya mpapai, akamwona Kificho wake anatoka nyuma ya nyumba yangu na kapu limefunikwa majani ya mgomba, anajifuta mdomo.

Anajifuta mdomo! Ukoko ule.

Mwatima pilau yote akaiona kwa mara moja, na mpishi wake, na mlaji wake.

Asubuhi kisimani akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza, maana Mwatima akipiga kelele watu hucheka, akinong'ona husogea. Kizuka anajitia manukato. Kizuka ananuka karafuu kama bibi harusi anayetolewa nje. Na mtu anaingia kwa mlango wa uani, "na mtu mwenyewe, jamani, nnaona haya kumtaja, maana nguo zake nafua mie."

Mchana ule halikuja kawa. Wala kesho yake. Kificho naye hakuja; nilimsikia anasema, "Haya, bibi," kwa sauti ya mtu aliyebanwa ukutani. Karafuu nilizozimaliza zikabaki kwangu, na maziwa ya Radhiya yakaanza kupungua.

Ijumaa, baada ya sala, wakaja. Mwalim Othman akakaa ukumbini nyuma ya pazia, kama inavyostahiki. Wanawake wakajaa, wengine mpaka kizingitini. Mwatima mbele yao, kajifunga kibwebwe.

"Time," akaanza Mwalim, "huyu anasema nyumba yako inanuka manukato. Nami nnaisikia harufu. Inatoka wapi?"

Nikanyamaza. Fikirini wenyewe. Nikisema "hizi karafuu za kazi," heshima yangu imesimama, lakini kabla ya Alasiri Bwana Msellem keshasikia. Kificho hana kazi, Bi Thuraiya kaaibika, na ujira wangu umekwenda na maji. Nikinyamaza, mie ni kizuka aliyevunja eda, na hakuna atakayenipa hata ganda la muhogo, wala kazi, wala salamu.

"Kanyamaza!" akasema Mwatima. "Mnaona? Kashiba, hana la kusema."

Neno lile, kashiba, ndilo lililonifungua akili.

"Mwalim," nikasema, "naomba aingie mwanamke mmoja chumbani mwangu, apekue kila kitu, atoke aseme alichokiona. Atakalosema yeye nalikubali."

"Mtaje."

"Mwatima."

Pakawa na mguno. Mwatima mwenyewe akageuka nyuma kuangalia kama kuna Mwatima mwingine. Lakini alikuwa na hamu ya chumba kile tangu kawa la kwanza, na miguu yake ikamwahi. Nikashusha pazia nyuma yetu.

Sahani zilikuwa zimepangwa chini, tano, kila moja na kawa lake. Akazihesabu kwa kidole.

"Funua," nikamnong'oneza.

Akafunua la kwanza kwa mikono miwili. Makonyo. La pili makonyo. La tatu karafuu, la nne karafuu, kijani kwa nyekundu, safi, zimechambuliwa kama alivyopenda Bi Thuraiya. La tano akalifunua polepole. Kipande kimoja cha makopa, kina alama za meno yangu.

Akachuchumaa. Akalichukua lile kopa, akaligonga kwenye ukingo wa sahani. Ka!

"Huyu ndiye kuku?" akanong'ona.

"Ndiye."

"Siku zote?"

"Siku za mwanzo alikuwapo changu. Sitaki nikufuru."

Akakaa kitako kabisa. Akazitazama karafuu, akanitazama mie, na polepole ikamwingia. "Kificho..."

"Mchukuzi. Bi Thuraiya kamtuma. Bwana akijua, mumeo keshokutwa yuko nyumbani nawe mchana kutwa."

"Na mdomo alikuwa anafuta nini?"

"Ukoko."

"Ukoko!" Hapo akataka kulia. "Anakula ukoko peke yake, mie nakula chukuchuku! Na kwa nini hakunambia?"

"Ungemwambia nani?"

Akafikiri kwa haki. "Watu wote," akasema.

Nje Mwalim akakohoa. "Mwatima! Umeona nini?"

Wallahi nilimwona mtu akipigana na nafsi yake. Wivu ulikuwa umemkaa usoni, haukuwa umeondoka; umebadilisha mahali tu, kutoka kwenye kuku umehamia kwenye kazi. Nilikuwa na kazi ndani na yeye alikuwa na nguzo nje, na angependa vyote viwili. Lakini kazi ya Kificho ilikuwa ulimini mwake. Akasimama, akalegeza kibwebwe, akatoka.

"Sikuona kitu, Mwalim," akasema. "Hana wanja, hana udi, hana marashi. Harufu... harufu ni yangu. Mie nachambua kutwa, nimeivaa puani."

"Na sasa hivi tunayoisikia sisi?"

"Si hawa wote wachambuaji? Jinuseni, Mwalim, na nyie."

Wanawake wakaanza kunusa viganja vyao, wengine wanacheka. Mwalim hakucheka.

"Na Kificho mlango wa uani? Hilo si pua. Hilo ulisema umeliona."

Hapo Mwatima akababaika. Akatazama juu kwenye boriti. "Mie ndiye niliyemtuma," akasema. "Nilimtuma amletee kizuka chakula. Kwa siri. Sikutaka watu wajue, sadaka isije ikaharibika."

Halafu mtu mmoja kizingitini akapasua kicheko, na nyumba nzima ikafuata.

"Mwatima atoe chakula?"

"Na akifiche? Huyu angepiga ngoma!"

"Na asahau kuwa alimtuma mwenyewe, akamseme kisimani!"

"Nilighafilika," akasema Mwatima, machozi ya hasira yanamtoka. "Mtu haghafiliki?"

Mwalim Othman alingoja wanyamaze. Sijui aliyasadiki yale maneno. Pua yake ilikuwa nzuri na akili yake nzuri zaidi. "Basi aliyesema uongo kisimani arudi kisimani akaseme kweli," akahukumu. "Na chakula hicho, Mwatima, usikikate. Kuanzia leo kilete mbele ya macho ya watu, wapate mfano."

Mwatima akajifunga kibwebwe upya, akashika njia ya kisimani.

Jioni, kabla jua halijazama, nikasikia hodi mlango wa mbele. Mwatima, na kawa. Sijui kaliazima wapi, maana kwake halikuwapo. Kapita nalo njia ndefu, waziwazi, watu wanamtazama. Akaliweka mbele yangu akakunja mikono.

Nikafunua. Nusu muhogo, chukuchuku.

"Nusu nyingine ya Kificho," akasema. "Usije ukasema mie nimekula."

"Na wewe umekula nini?"

"Kuku," akasema, na macho yake yakanikataza kucheka. Kisha akaishusha sauti. "Na sikiliza, Time. Karafuu kuanzia kesho nitazileta mie, chini ya kawa. Kificho asali na wenzake. Tunachambua nusu kwa nusu. Nikimaliza barazani nakuja."

"Unanikata riziki yangu."

"Nami nimejikata uso wangu mbele ya watu. Kipi kikubwa?"

Tukachambua nusu kwa nusu mpaka eda ikaisha. Alikuwa akipima kwa jicho kila konzi, na mie nampima yeye. Mara moja alinambia vidole vyangu virefu, si haki. Kila magharibi, pazia likiwa limeshuka, akigeuza shingo kusikiliza kama kuna kikohozi nyuma ya nyumba. Hakuacha hilo mpaka nilipopata mume mwingine, na hata baada ya hapo aliacha nusu tu.

Siku niliyotoka eda nilikoga, nikabadili nguo, nikambeba Radhiya, nikaenda barazani kwa Bwana Msellem. Bi Thuraiya alinipa ujira wangu uani, umefungwa kwenye pindo la kitambaa. Tuliishi nao kwa shida, lakini tuliishi. Karafuu za mwisho zilikuwa bado hazijesha, wanawake wamejipanga kwenye jamvi. Mwatima alikuwa pale penye nguzo yangu, mgongo umetulia.

Nikasimama mbele yake. Bwana Msellem akinitazama, wenzangu wananitazama.

Akanipima tangu juu mpaka chini, nguo mpya na yote. Akasonya. Halafu akasogea. Si sana, alisogea kiasi cha mtu mwembamba tu, nguzo akabaki na nusu yake.

Nikaingia bila ya kusukumana. Makopa yalikuwa yamenisaidia.